Sarafu Saba za Njia Panda

Zdravka Koleva alifagia barabara za mji wetu kwa miaka ishirini na miwili, na miaka yote hiyo aliishi kwa sheria moja aliyoachiwa na mama yake: pesa iliyoanguka kando ya barabara ni ya aliyeiona, pesa iliyo njia panda haiguswi. Ya kando ya barabara imemponyoka mtu mfukoni. Ya njia panda imewekwa. Kuna mtu amemsugua nayo mgonjwa wake, ugonjwa ukaingia kwenye sarafu, kisha akaja kuiacha pale wanapopita watu wa pande nne, ili wa kwanza kuinama aondoke na pesa na maradhi yake.

Si kwamba aliamini sana. Tumeishi jengo moja, yeye ghorofa ya tatu, mimi ya nne, na mara nyingi nimemsikia akiwacheka wanawake wanaowatemea watoto mate wasipatwe na kijicho. Lakini sarafu za njia panda alizisukuma kwa ufagio pamoja na majani na vichungi vya sigara, akazimimina kwenye pipa. Ukimuuliza alisema, "Sizichukui, basi. Wewe chukua ukitaka."

Mwenzake wa kazi, Sevda, mwanamke mfupi mwenye meno mawili ya dhahabu, hakuwa na sheria yoyote. "Pesa haina mama," alikuwa akimwambia. "Halafu wewe unazimwaga kwenye pipa, anakuja kuzibeba dereva wa gari la taka, naye ana watoto watatu. Huyo maradhi hayamtambui, ama?"

Zdravka akaendelea kufagia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mwezi wa Aprili, baada ya mvua ya alfajiri. Sevda alikuwa amepangiwa upande wa kituo cha mabasi, kwa hiyo Zdravka alikuwa peke yake. Aliamka amechelewa, akatoka mbio, pochi akaiacha juu ya meza ya jikoni. Ilipofika saa moja na nusu asubuhi alikuwa kwenye njia panda ya duka la mikate, tumbo linamnguruma, na mlango wa duka uko wazi unapumua harufu ya banitsa, ile mikate ya tabaka yenye jibini, iliyotoka kwenye tanuri.

Karibu na wavu wa mfereji aliona sarafu saba za hamsini hamsini. Hazikuwa zimetawanyika. Zilipangwa kwa mstari, safi, kama zimeoshwa kwa sabuni.

Zdravka akasimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu anayetaka kuvuka barabara. Akainama.

Mpaka leo hawezi kusema kwa nini. "Sikuamua," aliniambia. "Ningekuwa nimeamua ningekwambia. Mkono ulishuka, nikaufuata."

Akaingia dukani, akatoa sarafu tatu, akala banitsa ya jibini kwa kikombe cha mtindi. Zile nne zilizobaki alizitia katika mfuko wa aproni. Anasema ile ndiyo banitsa tamu kuliko zote alizokula maishani, na hilo nalo lilimtia wasiwasi.

Alhamisi aliamka mkono wa kulia umevimba. Kidole gumba kilikataa kukunjika, na kifundo cha mkono kilikuwa cha moto kama kimekaa karibu na jiko. Akaenda kwa daktari. Daktari, kijana mwenye haraka, akaubonyeza mara mbili na kusema ni kano za kidole zimechoka, aupumzishe wiki tatu.

"Daktari, hiki kitu mtu anaweza kukipata kwa kugusa kitu?"

"Kitu gani?"

"Kitu tu. Kitu kidogo."

"Kwa kushika ufagio, mama. Miaka mingapi umeushika?"

Jibu lilikuwa la akili, na ufagio wenyewe ulikuwa mpya na mzito, waligawiwa wiki iliyotangulia. Zdravka aliporudi nyumbani alikaa kitandani akajaribu kukumbuka maumivu yalianza lini. Aliona kama yalianza Jumatatu, alipokuwa akikamua nguo. Kama ni Jumatatu, sarafu hazina hatia. Halafu akakumbuka kwamba nguo alifua Jumatano. Au alifua siku zote mbili? Kadiri alivyozidi kukumbuka ndivyo siku zilivyozidi kuchanganyikana, kama nywele kwenye kitana.

Ijumaa alishindwa kuvumilia. Akaamua kuzirudisha zote mahali pake. Tatizo, tatu alishazila. Akaenda kwa Ginka, mwenye duka la mikate, akamkuta anapanga mikate.

"Ginka, Jumanne nilikupa sarafu tatu za hamsini. Nazitaka."

"Unataka nikurudishie pesa? Banitsa ilikuwa mbaya?"

"Ilikuwa nzuri. Nitakupa noti. Mimi nazitaka zile sarafu."

"Zina nini?"

Zdravka alitaka kudanganya, lakini hana kipaji hicho. "Nilizitoa njia panda."

Ginka aliuangusha mkate uliokuwa mkononi. "Zdravka! Umeniletea mikosi ya watu dukani, ukaila na jibini langu? Mama yangu mimi! Na mimi tangu juzi nina jino linaniuma, nikadhani ni jino!"

"Pengine ni jino kweli."

"Pengine! Sasa hiyo pengine nitaitafunia upande gani?" Akaivuta droo ya pesa, akaisukuma juu ya kaunta bila kuigusa ndani. Mlikuwa na sarafu za hamsini zaidi ya arobaini. "Haya, zitambue zako."

Wakaziinamia wote wawili. Sarafu zote zilikuwa na sura moja. Moja ilionekana safi kuliko nyingine, Zdravka akaichagua, kisha akaona nyingine safi kama hiyo. Mwishowe akachukua tatu tu, bila kujua kama ndizo au sizo, akaacha noti juu ya kaunta. Ginka aliishika ile noti kwa koleo la keki.

Jumamosi, jua ndiyo kwanza linachomoza nyuma ya mapaa, Zdravka alikuwa njia panda. Hakuvaa aproni ya kazi. Akachutama karibu na wavu wa mfereji, akaanza kuzipanga kwa mkono wa kushoto, moja moja, kwa mstari, kama alivyozikuta. Alipoweka ya saba akasikia dirisha linafunguliwa kwa nguvu.

"Usiziweke! Zdravka, usiziweke! Ngoja!"

Ghorofa ya kwanza, juu ya duka la viatu, alisimama Mwalimu Naiden akiwa na fulana ya kulalia. Mzee huyu alifundisha fizikia mjini kwetu miaka thelathini na tano, na Zdravka alikuwa mwanafunzi wake darasa la saba. Yeye ndiye aliyewaambia watoto wa mji mzima kwamba hakuna shetani wala jini, kuna uzito, kasi na joto. Dakika haikupita, akashuka kwa ndara, nywele zimesimama.

"Ziokote," alisema, anahema. "Nakuomba, mwanangu. Ziokote uende nazo."

Zdravka akamtazama, akazitazama sarafu, akamtazama tena. "Ni zako?"

Naiden akalivuta pindo la fulana yake.

"Mwalimu, ni wewe?"

"Ni Vaska," alisema. Vaska ni mkewe. "Miezi miwili hajainuka. Hali chakula. Umbo lake lilikuwa linapungua kitandani, nikawa naogopa kukunja shuka nisije nikamkunja naye. Shemeji yangu akanipigia simu, akaniambia la kufanya. Nikamkaripia, nikakata simu. Halafu nikafanya."

"Ukaniwekea mimi!"

"Sikuweka kwa ajili yako. Niliweka tu, atachukua mtu. Nilifikiri mtu. Sikumpa uso."

"Basi uso ni huu hapa."

"Najua. Nilikuwa nyuma ya pazia." Akalitazama dirisha lake. "Nilikuona, nikakutambua. Nilishika kitasa cha dirisha. Ningeweza kukifungua na kukuita. Sikukifungua."

Zdravka hakujua aanze na hasira ipi. Akauinua mkono wake wa kulia, ule uliovimba, akamwonyesha. Alidhani mzee ataona aibu. Naiden aliushika kwa vidole vyake vyote, akausogeza karibu na macho kwa kuwa hakuvaa miwani, na uso wake ukapata rangi mbili, ya hofu na nyingine ambayo Zdravka alichelewa kuielewa. Ilikuwa ni matumaini.

"Umeanza lini?" akauliza. "Kabla ya Jumanne au baada?"

"Sijui."

"Fikiri vizuri. Ni muhimu sana. Kabla au baada?"

"Mwalimu, unataka iwe baada!"

"Jumanne saa mbili asubuhi," alisema Naiden, "nusu saa baada ya wewe kuinama hapa, Vaska aliketi kitandani akaniomba supu. Akanywa bakuli zima. Jana akachana nywele. Sasa wewe unanirudishia! Mwanangu, wewe una nguvu, ni mkono tu, utapona..."

"Mkono ndio unaonilisha!"

"Najua. Najua. Samahani." Akakaa chini, pale pale ukingoni mwa barabara, na ndara moja ikamvuka. "Mimi ni mwovu," alisema kwa mshangao, kama mtu aliyepimwa na kukutwa na homa. "Nasimama hapa naomba mkono wako uwe umeumia kwa sababu yangu. Kama haukuumia kwa sababu yangu, basi supu ile haina maana."

Kama sarafu ni upuuzi, hakuna aliyemdhuru mwenzake, ila Vaska naye hajapona kwa lolote, kesho atalala tena. Kama si upuuzi, basi Vaska amepona kwa mkono wa Zdravka, na sarafu zipo hapa chini baina yao, tena tatu kati yake huenda si zenyewe. Zdravka aliligeuza jambo hili kila upande, na kila upande alikuta mtu anaumia.

"Nataka kumwona," alisema mwishowe.

"Nani?"

"Vaska. Nimuone huyo ninayemuumwia."

Wakapanda ngazi. Sarafu wakaziacha pale pale, kwa sababu hakuna aliyetaka kuzigusa na hakuna aliyethubutu kuzifagia.

Vaska alikuwa ameketi, mito miwili mgongoni, anamenya tufaha. Mwanamke mdogo, macho makubwa. Alipomwona Zdravka hakushangaa hata kidogo. "Wewe ndiye wa sarafu," alisema.

Naiden akaganda mlangoni. "Unajua?"

"Ulinisugua mgongo mzima kwa chuma baridi, Naiden. Mwanamume wa miaka sabini na minne! Ulidhani nimelala. Nilijifanya nimelala nisije nikakutia aibu." Kisha akamgeukia Zdravka. "Kaa, dada. Nipe huo mkono."

Akaomba kitambaa, akaomba chupa ya rakia, pombe kali ya matunda, akakilowesha, akaufunga mkono wa Zdravka kwa ustadi, maana aliwahi kuwa muuguzi wa kambi za vijana. Zdravka alimuuliza kile alichopandia ngazi kukiuliza: ile Jumanne alijisikiaje?

"Nilisikia harufu," alisema Vaska. "Wa ghorofa ya juu walikuwa wanachemsha kuku. Nikatamani. Na Jumatatu madaktari walinibadilishia vidonge, vile vya kwanza vilikuwa vinanichafua tumbo."

"Hilo hukuniambia!" alisema Naiden.

"Nilikwambia. Ulikuwa unatafuta sarafu."

Zdravka alihisi kifua kinafunguka. Vidonge! Kuku! Ufagio mpya! Mambo yote yakawa na sababu zake, kila moja na ya kwake. Lakini Vaska akaendelea, huku akikaza fundo la kitambaa: "Ila siwezi kukudanganya. Zile sarafu ziliponipita mgongoni, kitu kilitoka. Sijui ni nini. Pengine ni kwa vile alinigusa. Alikuwa hanigusi tena, anaogopa nitavunjika."

Kifua cha Zdravka kikajifunga tena.

Ndipo Naiden, aliyekuwa karibu na dirisha, aliposema kwa sauti ndogo, "Kuna mtu."

Zdravka akaruka. Chini, njia panda, mwanamume wa makamo mwenye suti ya kijivu na mkoba wa ngozi alikuwa amesimama juu ya zile sarafu, ameinamisha kichwa. Naiden alikuwa ameshika kitasa cha dirisha. Mdomo wake ulifunguka, ukajifunga. Akamtazama mkewe, akaitazama barabara, mkono haukugeuza kitasa. Zdravka akamsukuma, akafungua mwenyewe.

"Ee baba! We bwana! Ziache hizo!"

Yule mtu akainua uso. Sarafu zilikuwa tayari kiganjani. "Ni zako, mama?"

"Si zangu!"

"Basi ni za nani?"

Zdravka akamgeukia Naiden. Naiden akatikisa kichwa. "Si zetu," alinong'ona.

"Si zetu!" Zdravka akapiga kelele. "Lakini usichukue! Ziko njia panda! Ni... zina mtu!"

"Kama hazina mwenyewe, ni zangu," yule bwana alisema kwa furaha, akawapungia mkono kama watu wanaofahamiana, akazitia mfukoni. Basi la asubuhi likawa linakunja kona. Akalikimbilia, mkoba unampiga mguuni.

Zdravka alishuka ngazi mbili mbili. Alifika chini akiona mgongo wa basi tu.

Huko juu Vaska alikuwa anacheka mpaka anakohoa, na Naiden anamshikia glasi ya maji, hajui kama kikohozi kile ni cha kicheko au ni kitu kimerudi.

Hakuna kilichorudi. Vaska aliinuka. Mwezi wa Juni alikuwa anakwenda sokoni na kijikapu chake, anabishana bei ya pilipili. Mkono wa Zdravka ulipona polepole, kama daktari alivyosema, ingawa hakumaliza hata wiki mbili za mapumziko. Jino la Ginka liling'olewa. Mambo yote yaliisha vizuri, na ungedhani Zdravka atalala usingizi. Hakulala.

Naiden alikuja kwetu Jumapili moja na chupa ya divai, akamwomba Zdravka msamaha mbele yangu, akakubaliwa. Kisha hakujizuia akauliza: mkono ulianza kupata nafuu siku ipi hasa? Ni ile Jumamosi, bwana yule alipochukua?

"Mwalimu," Zdravka alisema, "si wewe uliyetufundisha kwamba kitu kikifuata kingine si lazima kiwe kimezaliwa nacho?"

"Nakumbuka nilichofundisha," alisema Naiden. "Nilikuwa na miaka arobaini na mke mzima."

Zdravka akammiminia divai. Aliniambia baadaye kwamba jibu analo. Mkono ulianza kupata nafuu Jumamosi ile ile, kabla ya saa sita mchana. Lakini ulikuwa umefungwa kwa rakia na mikono ya muuguzi, sasa aseme nini? Na akisema, yule mwenye suti atakuwa amebeba nini?

Hicho ndicho kilichomkaa rohoni. Alimuuliza Ginka. Ginka akasema labda ni mmoja wa wale wanaokuja kutia saini hati za mashamba. Alikwenda kituo cha mabasi, akamuuliza mkata tiketi kuhusu bwana wa makamo, suti ya kijivu, mkoba. Mkata tiketi akamwambia, "Mama, hao ninao kila basi. Unataka wa saa ngapi?" Alimuuliza Sevda, na ingekuwa heri asingemuuliza.

"Yule sasa hivi ameshazitumia," Sevda alisema. "Kanunua gazeti, kanunua kahawa. Mwenye kahawa kampa mteja chenji. Mteja kampa mtoto wake. Utawatafuta wote, shoga? Nchi nzima?"

Kuanzia hapo Zdravka akawa anawatazama watu. Akimwona mwanamume mwenye bandeji kidoleni, anamfuata kwa macho mpaka kona. Akisikia mtu anakohoa dukani, anageuka. Kuhusu sarafu zenyewe, sheria ilimvurugika. Siku nyingine aliziokota njia panda ili asizichukue mtu mwingine, halafu akasimama nazo mkononi hajui azipeleke wapi. Siku nyingine alipita mbali hata na zilizoanguka mlangoni mwa duka, huku mwenye duka akimwita, "Mama, hiyo si yako?"

Mwezi wa Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, aliniomba nimsindikize kanisani. Alinunua mshumaa mmoja, mrefu. Mwanamke anayeuza mishumaa, mwenye kitambaa cheusi kichwani, akamuuliza jina la anayewashiwa.

"Silijui jina."

"Ni ndugu?"

"Hapana. Ni mtu aliyepita."

"Aliyepita, yaani amefariki?"

"Hapana! Yaani alipita njia. Alipanda basi."

Yule mwanamke alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nikainua mabega. "Walio hai wanawashiwa juu," alisema taratibu, kama anaongea na mgeni, ingawa kila mmoja wetu analijua hilo tangu utoto. "Waliokufa, chini kwenye mchanga. Wako ni wa wapi?"

Zdravka alisimama na mshumaa aliokuwa ameshauwasha. Nta ikamdondokea kwenye kifundo cha mkono, hakuifuta. Watu wakawa wanapanga mstari nyuma yetu. Aliunyanyua juu, akasita, akaushusha usawa wa kifua.

"Sijui," alisema. "Jamani, mimi sijui. Uweke wewe."

Nikauchukua mkononi mwake. Nikauweka juu, ukingoni, mbali kidogo na mingine, tukatoka nje kwenye jua.